Sahani Tatu za Bibi Mwenye Nyumba

Bibi mwenye nyumba wangu kule Ujiji alikuwa na sahani tatu za kauri na binti mmoja, na katika miaka tisa niliyopanga kwake sikuwahi kuona binti yule na sahani zile wakilala chumba kimoja. Binti akija kutoka Tabora, sahani zinahama. Zinafungwa kwenye kikapu chao, zinavushwa ua, zinakuja kuwekwa chini ya kitanda changu mimi mpangaji. Binti akiondoka, zinarudi kwao. Bibi alitaka jambo moja tu hapa duniani, wala hakulificha: binti yake azipokee kabla yeye hajafunga macho, kama yeye alivyozipokea kwa bibi yake. Binti hakutaka hata kuzisikia zikitajwa.

Mimi si mtu wa huko. Ni Mkristo wa Njombe, mwalimu wa shule ya msingi, nilipangiwa Kigoma nikiwa bado nadhani ziwa ni ziwa tu. Nilifika na begi moja na maarifa mengi yasiyo na kazi. Mwezi wangu wa kwanza kwenye nyumba ile nilifanya kosa ambalo mpaka leo nikilikumbuka nashika kichwa.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Nilikuwa najitahidi kuwa mpangaji mwema, yule wa kufagia ua kabla hajaambiwa. Nikakuta barazani, juu ya kigoda, sahani nyeupe ya shimo, ukingo wake una maua ya buluu, na ndani imejaa manjano yaliyokaukia. Miwani nimeiacha ndani. Nikasema moyoni, hawa watu jana wamekula mchuzi mzito halafu wakaiacha sahani nzuri hivi inakauka. Nikachukua sabuni ya unga na stilwaya, nikaisugua mpaka ikang'aa, maji nikayamwaga katikati ya ua, pwaa. Nikaiweka juani na kujipongeza.

Bibi alirudi kutoka sokoni, akaiona sahani. Hakuuliza nani amefanya. Aliuliza jambo moja tu, kwamba maji yake yamekwenda wapi. Nikamwonyesha kwa kidole, huku nimeanza kuhisi kuna kitu hakiko sawa. Akaingia ndani, akatoka na jembe na beseni, akaanza kuchota udongo ule ulioloa, taratibu, mpaka wote ukaisha. Mimi kwa aibu nikabwabwaja kile nilichokuwa nacho mdomoni, nikasema Bibi nisamehe, ndiyo hivyo, maji yakimwagika hayazoleki.

"Ya Njombe labda," akasema. "Ya hapa yanazoleka."

Akaenda kuufukia ule udongo chini ya mlimau, mahali ambapo watu hawakanyagi. Ndipo akanikalisha akanieleza. Yale niliyoyasugua hayakuwa mchuzi. Zilikuwa aya za Kurani, kaziandika yeye kwa wino wa zafarani, mistari imebanana ikizunguka kutoka ukingoni mpaka katikati. Mgonjwa akija, zinasuuzwa kwa maji yenye marashi, naye anayanywa maji yale. Wanaita kombe. Mgonjwa mwenyewe alikuwa njiani, mama mmoja muuza dagaa wa Kibirizi. Nilidhani nitafukuzwa nyumba jioni ile ile. Badala yake akaniambia nivae miwani yangu, nikae, nimshikie kikombe cha wino wakati anaandika upya. Nilitokwa jasho mpaka kwenye magoti, lakini wino haukumwagika.

Stilwaya yangu iliacha mkwaruzo mmoja kwenye sahani, karibu na ukingo, mrefu kama ukucha. Miaka yote iliyofuata alikuwa akiwaonyesha wageni. "Na hapa," anasema akiugusa, "hapa ndipo Mwalimu alipoandika." Watu wanacheka, nami nacheka nao, ningefanyaje.

Zile sahani alizipata kwa bibi yake mzaa mama. Huyo bibi naye alizipata wapi, kila baraza ya Ujiji ilikuwa na jibu lake. Wengine walisema zilikuja kutoka pwani kichwani mwa mpagazi, wengine wakaapa zilivuka ziwa kutoka Kongo. Nilipomuuliza mwenyewe alisema naye aliwahi kumuuliza bibi yake, akajibiwa kwamba zimetoka ndani ya kikapu. Zilikuwa sita. Yeye alikabidhiwa nne, na moja ilivunjika mkononi mwake katika ujana, hapendi kulizungumza.

Zile tatu alizipa majina kwa kasoro zao. Mzima haina kasoro. Kibogoyo imemegeka ukingoni, na ndiyo iliyokumbana na mimi. Mkimya ina ufa mwembamba usiouona mpaka uielekeze kwenye mwanga, ila ukiigonga kwa ukucha unaujua, kwa sababu wenzake wanalia ting, yenyewe inasema tak, basi. Kila Alhamisi alizitoa akazigonga moja moja, akisikiliza kwa makini na kichwa amekiinamisha, kuhakikisha hakuna iliyopata ufa mpya wiki ile. Mkimya nayo aliigonga, ingawa inajulikana. Alisema ukiiruka itajiona mgonjwa.

Hakuzishika kamwe akiwa amesimama. Kuosha, kuandika, kukausha, vyote alivifanya ameketi juu ya mkeka na miguu ameinyoosha. Nilipomuuliza sababu alinitazama kama mwanafunzi mzito. Chombo kikiwa chini tayari, akasema, kitaangukia wapi? Kabla ya kuosha alivua bangili na pete, akaziweka kwenye upindo wa kanga. Maji ya uvuguvugu. Rangi ya zafarani ikigoma kutoka, anapitisha kipande cha limau, anaacha kidogo, anasuuza. Halafu anafuta kwa kanga iliyochakaa hadi imekuwa laini, na kila sahani ina kipande chake, hazibadilishani. Kikapuni alitandika pumba za mpunga. Kabati la vioo alikuwa nalo, kubwa, limejaa glasi za plastiki na picha za wajukuu wa watu. Sahani hazikuwahi kulikanyaga. Kabati ni la kuangaliwa, alisema, na hizi hazikuja duniani kuangaliwa.

Watu walikuja kutoka Mwanga ya hapo hapo mjini, kutoka Kibirizi, wengine vijiji vya mbali wanaoongea Kiha kitupu, naye anawaamkia kwa Kiha chake cha kuokoteza, "Mwakeye," wanafurahi. Hakupokea kitu. Lakini alikuwa na swali moja mlangoni, na swali hilo ndilo lililonifanya nimheshimu kuliko watu wengi niliosoma nao. Hakuuliza unaumwa nini. Aliuliza cheti kiko wapi.

Cheti cha hospitali. Huna cheti, huandikiwi. Umekwenda duka la dawa ukanunua vidonge, hiyo si hospitali, rudi. Kuna mvuvi mmoja alijaribu kumdanganya na karatasi ya mtu mwingine, naye Bibi akaisoma yote, neno kwa neno, akamwuliza tangu lini yeye ni mjamzito. Jitu zima lile likaangalia chini. Bibi hakuishia hapo. Alijifunga ushungi, akaita bodaboda, akapanda nyuma ya yule mvuvi, watatu juu ya pikipiki moja, akamshika shati kwa nyuma asije akashuka njiani. Walirudi alasiri, cheti mkononi, malaria imeonekana, dawa amemeza mbele yake. Ndipo akavua bangili akaketi mkekani.

"Sahani haitibu malaria, mwanangu," aliniambia siku ile. "Malaria ina watu wake. Sahani inatibu woga."

Msifikiri naelezea malaika. Alikuwa na ulimi. Siku za mpira aliweka redio sikioni na kumtukana refa wa watu, matusi ya heshima lakini matusi, halafu adhana ikilia anazima, anatia udhu, anaswali kwa utulivu utafikiri si yeye. Chumvi alinikopesha kwa kijiko cha chai, tena anasawazisha kwa kidole. Na ziwa alikuwa analiogopa. Amezeeka akila samaki wa Tanganyika, anamjua mgebuka wa leo na wa jana kwa kumtazama jicho, lakini mguu wake haujawahi kukanyaga mtumbwi. Nilipomtania alisema maji yakae kwenye sahani, pale anayaona mwisho wake.

Simu janja alinunuliwa na binti yake, na kwa kweli ilimpa shida. Siku moja mtu wa Dar es Salaam, jamaa wa jirani, alimtumia ujumbe wa sauti akimwomba amwandikie kombe, apige picha, amtumie. Yeye huko ataweka picha ile juu ya glasi ya maji. Bibi alisikiliza ule ujumbe mara mbili akidhani hakusikia vizuri. Akanipa simu nimjibu. Nikamwuliza nimwambieje.

"Mwambie anywe simu."

Nililiandika hivyo hivyo. Mtu yule alikasirika wiki nzima, halafu akapanda treni akaja mwenyewe, na cheti chake.

Sasa nirudi kwa binti. Alikuwa muuguzi Tabora, mwanamke mpole, nadhifu, anayeongea kidogo. Kila Idi alikuja, akalala siku mbili tatu, akapika, akampima mama yake presha, akamkata kucha za miguu. Kwa mtazamo wa mtu wa nje hakukuwa na ugomvi. Tena sijawahi kuona mtu anamtunza mama yake vile. Ila mimi nilikuwa najua kuna kikapu chini ya kitanda changu, na nilikuwa napita uani nikisalimia huku roho inanidunda kama mficha magendo.

Idi moja alikuja chumbani kwangu kuazima pasi. Nilikuwa nimefagia asubuhi, kikapu nikakivuta, nikasahau kukirudisha. Akakiona. Alisimama pale pasi mkononi, akakitazama.

"Kumbe zinapanga kwako," akasema. Akaenda kupiga pasi nguo zake.

Alipoondoka kurudi Tabora nilimwendea Bibi, nikamwambia mimi nimechoka kuficha vitu nisivyovijua. Kama ni vibaya nisiviweke, kama ni vizuri kwa nini vifichwe. Nilikuwa nimepandisha kidogo, nakubali. Akaniambia nifunge mlango. Akanieleza akiwa ameangalia mikono yake.

Binti yake alizaa mapema, kabla hajaanza chuo cha uuguzi. Alipopata nafasi ya chuo alimwachia Bibi mtoto, wa kiume, ameanza tu kutembea. Mtoto akashikwa na homa. Bibi akamwandikia. Siku ya pili akamwandikia tena, na ya tatu. Siku ya nne akambeba kumpeleka hospitali, na hospitali hawakuwa na la kufanya. Binti alikuta kaburi. Hakulia mbele ya mama yake, hakuuliza, hakulaumu. Alirudi chuoni akamaliza masomo. Tangu siku hiyo haingii chumba chenye zile sahani, na mama yake tangu siku hiyo haandiki bila cheti.

Nilimwuliza kitu ambacho pengine sikupaswa kuuliza, kwamba baada ya hayo kwa nini hakuziweka kando.

"Niliyechelewa ni mimi," akasema. "Maneno ya Mungu hayakuchelewa. Sahani ya bibi yangu haikuchelewa. Nikiziacha nitakuwa nimewatwika wao kosa langu."

Bado sijui kama ningeweza kuishi hivyo, nikikishika kila wiki kwa mikono yangu kitu kinachonikumbusha. Yeye aliishi. Ndiyo maana nikisikia watu wanasema mtu fulani ni jasiri, kwanza namfikiria mwanamke mmoja aliyenyoosha miguu mkekani, anagonga sahani kwa ukucha.

Nilihamishiwa Kasulu. Tukaagana, akanipa ndoo ya mawese na mkeka, nikalia. Kwa miaka mitatu tulisalimiana kwa simu, Jumamosi hadi Jumamosi, mpaka Jumamosi moja simu ikapokelewa na binti yake. Kiharusi, akasema. Upande wa kulia. Yeye mwenyewe amechukua likizo, na ameomba uhamisho. Sikuomba ruhusa vizuri kazini, nilikwenda kesho yake na basi la kwanza.

Nilimkuta amelala kitandani kwake, amekuwa mdogo, lakini macho ni yale yale. Nikampigia shikamoo, akaitikia upande mmoja wa mdomo, akaniuliza kama Kasulu wananikopesha chumvi. Tulicheka. Mkono wa kulia, ule wa kuandikia, ulikuwa umelala juu ya shuka kama kitu cha mtu mwingine. Godoro la binti lilikuwa sakafuni kando ya kitanda. Na chini ya kitanda kikapu kilikuwepo, maana sikuwepo wa kukihifadhi, na hakuna aliyekitaja.

Adhuhuri binti alileta supu ya kuhe, samaki ambaye Bibi anampenda kuliko wote. Ilikuwa kwenye bakuli la plastiki. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akaichanganya ipoe. Bibi akageuza uso ukutani. Alikuwa hajala tangu jana, binti akaniambia kwa sauti ya chini, na uchovu ulikuwa umemjaa machoni. Nilisimama niwapishe. Bibi akaniambia nikae, anahitaji mtu wa kusikia.

Maneno yalimtoka taratibu, mengine yakikwama, akiyarudia mpaka yaeleweke.

"Nilijua," alimwambia binti yake. "Siku ya pili nilijua mtoto amezidiwa. Niliona aibu kumpeleka. Watu wangesema sahani ya bibi imeshindwa na mjukuu wake mwenyewe. Nikasema niandike mara moja tena. Si kwamba sikujua, mwanangu. Nilijua."

Hilo hakuwahi kuniambia mimi. Sidhani aliwahi kumwambia mtu yeyote. Binti alikuwa amelishika bakuli kwa mikono miwili.

"Ndilo nililokuwa nangoja," akasema. "Miaka yote hii, mama. Kwamba hukujua, hilo ningeweza kusamehe siku ile ile. Mimi siku niliyorudi niliona machoni mwako kwamba ulijua."

Bibi akalia. Sikuwahi kumwona akilia. Akainua mkono wa kushoto, akaonyesha chini ya kitanda. Akamwambia ni zake sasa, akitaka azivunje. Azivunje zote, yeye hatasema neno.

Binti aliweka bakuli chini. Akapiga magoti, akakivuta kile kikapu, akachokora pumba mpaka akapata sahani ya kwanza, akaifunua kanga yake. Ilikuwa Mzima. Akasimama nayo, wima, kwa mkono mmoja, akatoka nayo uani. Mimi na Bibi tukabaki peke yetu. Nilikuwa nasubiri mlio. Bibi alikuwa amefumba macho, anapumua polepole, wala hakumwita arudi.

Tukasikia maji ya ndoo.

Akarudi. Sahani ilikuwa imeoshwa, matone bado yako ukingoni kwenye maua ya buluu. Akaiweka mapajani, akachukua bakuli la plastiki, akaimimina supu yote ndani ya Mzima, na vipande vya samaki, na mafuta yake. Miaka tisa mimi sikuwahi kuona punje ya wali ikigusa sahani ile, wala bibi yake Bibi, naamini, hakuwahi. Bibi akafumbua macho akaona. Akataka kusema kitu.

"Fungua mdomo, mama," binti akamwambia, kijiko kikiwa tayari mkononi.

Akaufungua.